Usitume wimbo kabla hela haijaingia

Juzi mdogo wangu mmoja wa Nachingwea kanitumia meseji, anasema kaka mimi kinanda najua na biti natengeneza ila sijawahi kushika hata elfu hamsini ya muziki, nifanyeje. Nimeisoma mara tatu, ni kama nimeiandika mimi miaka ile. Najua mko wengi mnaotaka kuishi kwa muziki bila kuhamia Dar, so ngoja niwaambie wote kilichonikuta.

Ulikuwa msimu wa korosho, minada imeanza, hela ipo mtaani na kila mwenye duka anataka wimbo. Mfanyabiashara mmoja akanifuata hapa Mtwara, anafungua duka la pikipiki Masasi, anataka wimbo wenye sindimba, ngoma ya Wamakonde, ndani. Tukakubaliana laki nne kwa mdomo. Kianzio hakuna, maandishi hakuna.

Sikutaka ngoma za kwenye kompyuta. Nikamtafuta mzee mmoja wa Kimakonde, kapiga ngoma tangu kijana kule Newala, akaja na ngoma zake na kijukuu chake. Tulirekodi usiku maana mchana fundi seremala wa jirani hanyamazi, na usiku huku pwani kuna unyevu, ngozi inalegea, kila baada ya kurekodi mara mbili tatu mzee anatoka nje kuzipasha moto kwenye makuti, anagonga, anasikiliza, anarudisha tena motoni mpaka ilie anavyotaka yeye. Nikamvalisha hedifoni nimemuwekea kliki, ule mlio wa kompyuta wa kuhesabia mapigo, akapiga kidogo akaivua, akasema mwanangu hii inanivuta shati. Na kweli, sindimba haihesabiki nne nne kama biti ya singeli, mkono mmoja unatembea kwa tatu mwingine kwa mbili na mwendo unapanda wacheza wakikolea. Nikazima kliki, nikamwacha apige, halafu kinanda na besi nikavifuatisha yeye, kipande kwa kipande, siku nne nzima, umeme unakatika unarudi. Mpaka leo naamini ile ndio kazi yangu bora.

Nikaituma WhatsApp, nzima, imeshafanyiwa masta, yaani sauti imeshasawazishwa tayari kupigwa. Jamaa akajibu na vidole gumba vitatu, basi. Simu hapokei.

Wiki mbili baadae nipo stendi ya Masasi kwa mambo yangu mengine, gari la matangazo likapita, wimbo wangu huo, ngoma ya mzee inapasua spika, akina mama wauza maembe wameacha meza wanatikisa viuno. Nilisimama pale nimeshika begi, nataka kufurahi nataka kulia. Mzee nilimlipa mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka mwezi wa pili. Hela yangu sijaiona mpaka leo na bado inaniuma, sifichi.

Sasa mdogo wangu sikia. Nusu ya hela iingie kabla hujawasha kompyuta. Anayekwambia "anza tu tutaongea" hana hela, au anayo na hataki kukupa. Ukimaliza mtumie dakika moja yenye tagi, yaani sauti yako ikitaja jina lako juu ya wimbo, nzima aipate akimalizia nusu iliyobaki. Bei iandikwe, hata kwenye meseji tu, andika bei, siku ya kukabidhi na wimbo utatumika wapi, naye ajibu "nimekubali".

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi yako tangu unapoitunga, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unaweza kuisajili ukawa na ushahidi mkononi. Mimi niliyajua hayo nimeshaumia. Haki nilikuwa nayo, cha kuonyesha sikuwa nacho.

Na acheni kuona aibu kutaja hela! Fundi cherehani anachukua kianzio, fundi ujenzi anachukua, kwa nini wewe uliyekesha siku nne uonekane una tamaa? Mungu kakupa kipaji, na watoto wako wanakula. Nusu kwanza. Narudia, nusu kwanza.

Mwezi uliopita nimefanya wimbo wa harusi wa watu wa Lindi, nusu iliingia kwenye simu siku hiyohiyo, na mzee nikamlipa kabla hajapasha ngoma. Jana kanipigia anauliza tunarekodi lini tena. Nimemwambia kuna mteja wa Tandahimba, nasubiri atume.