Maswali ya Wasomaji: Udongo, Uoto na Mtihani

Mwalimu, shikamoo. Ninasoma kidato cha sita, tahasusi ya Kemia, Biolojia na Jiografia, hapa Tanga. Katika jaribio niliandika kwamba msitu wa mvua huota juu ya udongo wenye rutuba nyingi, kwa sababu miti yake ni mirefu na ya kijani mwaka mzima. Nimekosa. Je, udongo maskini unawezaje kuubeba msitu kama ule?

Marahaba. Kosa lako ni la siku nyingi, na limewahi kuwatia watu hasara kubwa hapo hapo mkoani kwako. Miaka ya 1890, walowezi wa Kijerumani walifika Usambara Mashariki, wakaiona misitu ya Amani na Derema, wakafikiri kama ulivyofikiri wewe. Walikata miti, wakapanda kahawa, na baada ya miaka michache mavuno yakaanza kuwavunja moyo.

Sababu iko katika mvua. Mahali panaponyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, maji hupenya udongoni bila kukoma na kushuka na kalsiamu, magnesiamu na potasiamu mpaka chini ya mahali mizizi mingi inapofika. Kinachobaki juu kwa wingi ni oksidi za alumini na za chuma, na hizi za chuma ndizo zinazoupa udongo ule wekundu wake, pamoja na asidi nyingi. Ukiuliza basi virutubishi viko wapi, jibu ni kwamba sehemu kubwa imo ndani ya miti yenyewe na katika tabaka jembamba la majani yaliyoanguka. Joto na unyevu huwawezesha bakteria, kuvu na mchwa kuyaozesha majani hayo kwa haraka, na mizizi midogo iliyotandaa karibu na uso wa ardhi, ikisaidiwa na kuvu wanaoishi nayo, huvidaka virutubishi kabla mvua haijavichukua. Msitu huo ni kama nyumba isiyo na ghala: chakula kipo kila siku, lakini akiba hakuna. Ukiikata miti na kuiondoa au kuichoma, umeondoa karibu mali yote iliyokuwapo, na mboji iliyobaki huisha katika misimu michache.

Leo ukipita Amani utaona mashamba ya chai, na hilo si jambo la bahati, kwa maana mchai ni mmea unaopenda udongo wenye asidi. Kahawa ilikuja kustawi vizuri zaidi Kilimanjaro, kwenye udongo wa volkano ambao bado una madini mengi. Katika mtihani, basi, usichanganye wingi wa uoto na rutuba ya udongo. Eleza kwanza mzunguko wa virutubishi, kisha ndipo utaje mvua na joto.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, karibu na Mwanza. Wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini juu ya kilima chetu udongo ni wa kichanga, na bondeni ni mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, ingawa mwamba na mvua ni vile vile.

Ndugu mwalimu, wanafunzi wako wamekaa juu ya mojawapo ya mifano maarufu kabisa katika elimu ya udongo duniani. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, alizunguka Tanganyika na kuona kwamba aina za udongo hufuatana kwa mpangilio ule ule kila unaposhuka kutoka kilimani hadi bondeni. Mwaka 1935 aliuita mfuatano huo kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, nasi sasa twasema katena. Wakulima wa Kisukuma, kwa kweli, walikuwa na majina ya viungo vya mnyororo huo kabla yake: luseni ni ule wa kichanga wa juu, itogolo ni ule wa chini zaidi wenye tabaka gumu lisilopitisha maji, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni.

Mwamba wa matale, yaani graniti, unapochakaa huacha chembe za kila ukubwa. Maji ya mvua hushuka na chembe nyepesi za mfinyanzi pamoja na chumvi zilizoyeyuka, na kuuacha mchanga mzito juu. Bondeni, mfinyanzi ule huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hata mizizi ya miti mingi hukatika kwa kiangazi na kukosa hewa kwa masika. Kwa hiyo mbuga hutawaliwa na nyasi na migunga michache, wakati miti mingine hupendelea mteremko. Wakulima nao hufuata mpangilio huo: mihogo juu, majaruba ya mpunga chini. Wapeleke wanafunzi wako na jembe, wachimbe mashimo matatu kati ya kilele na bonde. Somo hilo halihitaji maabara.

Mfumo ikolojia na bayomu vina tofauti gani?

Mfumo ikolojia ni viumbe na mazingira yao yasiyo hai wakitendeana mahali fulani, hata pakiwa bwawa dogo. Bayomu ni eneo kubwa mno, kama savana, linalotambulika kwa tabianchi na uoto wake.

Tulizuru kusini-mashariki ya Serengeti na kukuta uwanda wa nyasi fupi usio na miti. Muongozaji wetu alisema udongo pale ni tajiri. Kama ni tajiri, mbona miti haioti?

Muongozaji wenu alisema kweli. Uwanda ule umefunikwa na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro na jirani zake, na Ol Doinyo Lengai bado ni hai, kwani ulilipuka mwaka 1966 na tena mwaka 2007. Mvua pale ni ndogo, hivyo chumvi hazichukuliwi mbali. Chokaa huyeyuka, hushuka kidogo, kisha huganda na kuwa tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hushindwa kulipenya. Nyasi, zenye mizizi mifupi, hufaidi kalsiamu na fosforasi iliyo juu yake, na ndiyo maana nyumbu huenda kuzalia huko mwanzoni mwa mwaka.

Kwingineko Serengeti, penye mvua zaidi, wanyama nao wana sauti. Sotoka iliyoingia miaka ya 1890 iliua ng'ombe na nyumbu wengi. Chanjo ya ng'ombe ilipoukomesha ugonjwa huo katika eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni moja kabla ya mwaka 1980. Nyasi walizozila ndizo zilizokuwa kuni za mioto ya kiangazi. Mioto ikapungua, na miche ya migunga iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapata nafasi ya kuwa miti.