Re: Anatomia ya mwaka wa kwanza Makerere, nasomaje bila kukariri?

Mwenzangu, kwa anatomia ya mifugo picha za kitabuni pekee hazitoshi. Nenda machinjioni mapema, uombe tumbo la ng'ombe kabla halijaoshwa. Lina vyumba vinne. Rumeni, kile kikubwa zaidi, iko kushoto na huchukua zaidi ya lita 100. Retikulamu, chumba kidogo, iko mbele yake, imetengana na moyo kwa kiwambo tu, yaani msuli unaotenga kifua na tumbo. Ndiyo maana waya uliomezwa huweza kutoboa hadi kwenye moyo. Swali hilo walimu hulipenda. Vyumba viwili vilivyobaki, omasamu na abomasamu, vitafute kulia. Pasua, papasa kuta kwa ndani, kisha chora bila kufungua kitabu. Wengi huanguka kwa kuzoea ubavu mmoja: kwenye mtihani wa vitendo kiungo kimegeuzwa, kimechomekwa pini, hakina jina. Na vaa glavu, bruselosi ipo, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu.