Himaya Iliyopiga Mizinga

Mwalimu wa historia wa shule moja ya sekondari mkoani Tanga ameniuliza: "Wanafunzi wangu huandika, 'Himaya ya Uingereza ilikuwa na koloni nyingi Afrika Mashariki, zikiwamo Tanganyika na Zanzibar.' Je, ni koloni nyingi au makoloni mengi?"

Makoloni mengi. Koloni la Kenya, makoloni ya Uingereza. Asili yake ni Kilatini, ambako colonia ilikuwa makazi ya wakulima waliopelekwa kwenye ardhi iliyotekwa. Swali limekwisha.

Ila, mwalimu wangu, umetoa kibanzi ukaacha boriti. Sentensi hiyo fupi ina mambo mazito kuliko hilo, na moja limenikaa kooni miaka mingi: himaya.

Himaya ni ulinzi. Tuliipokea kutoka Kiarabu ikiwa na maana hiyo. Mwambie mzee wa pwani kwamba yatima fulani yuko chini ya himaya ya mjomba wake, ataelewa kuwa mtoto analishwa na kulindwa. Hatadhani mjomba amevamia nchi. Leo fungua gazeti: himaya ya Roma, himaya ya Napoleon, himaya ya mfanyabiashara mwenye maduka matatu ya simu Kariakoo. Timu ikitwaa kombe mara mbili mfululizo, mtangazaji anapayuka kwamba himaya imejengwa. Inamlinda nani? Hiyo ya Roma ni dola, au milki ukipenda. Najua kwa nini watu wanaikwepa dola: wanaogopa msomaji atafikiria noti za Marekani. Ajabu ni kwamba hao hao huandika "vyombo vya dola" kila siku, na sijasikia mtu aliyekwenda kituo cha polisi kubadilisha fedha.

Kwa Roma ningenyamaza, wenyewe wamekwisha kufa. Lakini kwetu neno hili lilibeba maana ya kisheria, na Zanzibar inajua ilivyolipia. Mwaka 1890 iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Sultani akabaki Sultani, bendera yake ikapepea, watu wakabaki raia wake. Mwingereza, kwenye karatasi, alikuwa mlinzi tu. Mlinzi wa namna gani, ilionekana miaka sita baadaye. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na binamu yake Khalid bin Barghash akaingia kasri kushika kiti bila ridhaa ya Waingereza. Akapewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Manowari za Admeri Rawson zikafyatua mizinga, na kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa kimekwisha: kasri limebomoka, meli ya Sultani iitwayo Glasgow imezama, na upande wa Khalid watu wapatao 500 wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa mlinzi aliumia baharia mmoja. Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, na Hamoud bin Mohammed akakalishwa kitini siku hiyo hiyo. Ni sawa na kumweka askari getini, kesho yake ukamkuta sebuleni anakuuliza nani kakuruhusu kuingia. Mwaka 1913 hata heshima ndogo iliyobaki iliwachosha. Mambo ya Zanzibar yakahamishiwa Wizara ya Makoloni, London.

Utanibana: ikiwa ulinzi wenyewe ulikuwa wa mizinga, si tuiite koloni tu? Hapana, kwa sababu karatasi ilikuwa na meno. Desemba 1963 Waingereza hawakuikabidhi Zanzibar kama mali yao. Kisheria walichokifanya ni kukomesha himaya. Nenda Mombasa. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani, Mwingereza akaukodi. Kenya ya bara ilipofanywa koloni mwaka 1920, pwani haikuweza kuingizwa humo, ndiyo maana nchi ikaitwa Koloni na Himaya ya Kenya, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Fort Jesus. Watu wa Mwambao waliodai kujitenga kabla ya uhuru walikuwa wameshika karatasi hiyo, mpaka Sultani alipouachia ukanda huo kwa mkataba wa Oktoba 1963. Ukiita yote koloni, madai yao hayana kichwa wala miguu.

Tanganyika ni kisa kingine kabisa. Mjerumani aliposhindwa, Mwingereza alikabidhiwa nchi na Shirikisho la Mataifa, na mwaka 1946 ikawa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Mdhamini huulizwa hesabu. Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kulieleza Baraza hilo kwamba Watanganyika wanataka kujitawala. Wakenya, wakiwa katikati ya hali ya hatari, hawakuwa na mlango kama huo wa kugonga. Mwanafunzi anayeandika "koloni la Tanganyika" aulizwe Nyerere alifuata nini New York.

Siwezi kumkimbiza kila mtangazaji. Himaya ya Napoleon na ya yule bwana wa Kariakoo nawaachia, wajilie. Katika madaftari yako, mwalimu, tumia wino mwekundu: Dola la Uingereza, koloni la Kenya, himaya ya Zanzibar, udhamini wa Tanganyika. Akitokea mwanafunzi mbishi akasema kwamba himaya maana yake ni kutawaliwa kwa mabavu, mpe nusu alama. Rawson ni shahidi wake.