Chama kimoja, lakini…

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama wazo la kisiasa huwa sera baada ya wananchi wengi kulikubali. Mimi nina swali la jirani yake: nani anaandika kwamba wananchi wamekubali au wamekataa?

Hesabu ya Tume ya Nyalali, ile ya kuuliza Watanzania wanataka chama kimoja au vingi, tunaijua. Rais wa wakati huo, Mzee Mwinyi, aliiunda 1991, ikazunguka nchi, ikarudi na jibu: karibu asilimia 80 wanataka chama kimoja, kama 20 hivi ndio wanaotaka vingi. Tume ikapendekeza vingi, na 1992 sheria ikabadilishwa. Kila nikibishana na vijana huwa nawatajia hesabu hiyo: mambo huamuliwa juu, sisi huku tunapewa taarifa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alishaufungua mjadala 1990, tawala za chama kimoja Ulaya Mashariki zikianguka. Aliyekuwa akisubiri ruhusa ya mkulima ni nani?

Ila nakumbuka siku tulipoitwa kutoa maoni, ndani ya ghala la chama cha msingi cha ushirika, magunia ya kahawa yamesukumwa ukutani. Mbele wamekaa wakubwa wa wilaya, pembeni wajumbe wa nyumba kumi wakitutazama mmoja mmoja. Baba mdogo, aliyekuwa karani wa mizani, akanyoosha mkono. Akasema, "Chama kimoja kinatosha." Makofi. Karani wa mkutano akaandika.

Kisha baba mdogo akasema "lakini", na hiyo lakini haikuisha upesi. Malipo ya pili ya kahawa yako wapi? Kwa nini anayetukosea ndiye huyo huyo tunayepaswa kumshtakia? Kwenye ubunge mnatuletea wagombea wawili, alama zao jembe na nyumba, tuchague, na jembe mmelichuja nyinyi, nyumba mmeichuja nyinyi. Urais ni picha moja, ndiyo au hapana. Watu wakaanza kucheka, halafu wakaacha, maana wajumbe hawakucheka. Mwenyekiti akamwambia, "Tumekuelewa, mzee, keti." Nilikuwa nyuma ya karani kabisa. Kalamu ilikuwa imefunikwa tangu yale makofi.

Sasa, huyo tumweke kwenye 80 au kwenye 20? Tume yenyewe ilieleza kwamba wengi wa waliosema chama kimoja walitaka mfumo urekebishwe. Nikilifikiria ghala lile, naona wazo lilikuwa limeshaingia kwa watu, halijapewa jina tu, kwa sababu jina lake lilikuwa la hatari. Kwa hiyo najikuta nasema ndiyo, wananchi walikubali kwanza. Vijana wangu wasisome hapa.

Msishangilie mapema, lakini. Tume hiyo hiyo ilipendekeza pia serikali tatu, yaani ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano, badala ya mbili tulizonazo, ya Muungano na ya Zanzibar. Zikakataliwa. Kamati ya Jaji Kisanga ikazirudia, zikakataliwa. Tume ya Warioba ikaziweka kwenye rasimu ya katiba mpya, safari hii wengi wa Bara waliozungumzia muundo wa Muungano wakizitaka waziwazi. Bunge Maalum la 2014 likarudi kwenye mbili. Wazo hili lina miaka mingi kuliko vyama vyetu vingi, na lina watu.

Basi jibu langu: kwa vyama vingi, ndiyo, mradi mhesabu na zile "lakini" ambazo hazikuandikwa. Kwa serikali tatu, hapana, walau mpaka wenye viti vya madaraka waone zina faida kwao.

Msomaji wenu, Mbozi