Kofia ya chuma ya Mjerumani: igeuze kwanza, pesa baadaye

Juzi usiku nimetoka zamu, napasha wali, simu ikaita ujumbe. Kijana wa Tanga: "Shikamoo kaka. Nina kofia ya chuma ya Mjerumani, ilikuwa stoo kwa babu. Ndani pamegongwa ET64. Watu wanasema ni ya vita vya Maji Maji. Inaweza kunipa shilingi ngapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilimjibu kwa mistari miwili, kisha usingizi ukaniruka, kwa sababu amegusa kidonda changu. Sasa namjibu kwa urefu, na wewe unayetamani kuanza kukusanya vitu hivi, vuta kiti.

Maji Maji tuitoe njiani mapema. Vita ile ilianza 1905 ikaisha 1907. Kofia hizi za chuma zimeanza kugawiwa askari mwaka 1916, Verdun, Ufaransa, baada ya Profesa Friedrich Schwerd wa chuo cha ufundi cha hapa Hannover, Ujerumani, ninakoishi, kuzibuni. Kabla ya hapo Mjerumani alikwenda vitani na kofia ya ngozi yenye ncha utosini. Na askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani kwetu katika vita vya kwanza vya dunia, walivaa kofia nyepesi ya kitambaa cha kaki, yenye pazia la kufunika shingo. Meli ya mwisho iliyowafikia na vifaa, Marie, iliingia ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, Machi 1916. Mwaka 1917 Ujerumani ikatuma chombo cha anga cha gesi, L59, kutoka Bulgaria kiwapelekee vifaa. Kikafika juu ya Sudan kikageuza. Kwa hiyo kofia ya babu imefika Tanga kwa njia nyingine, na njia hiyo anaijua babu.

Hadithi tamu ndiyo iliyoniponza na mimi.

Ilikuwa Novemba, baridi ya kuuma masikio, soko la vitu vya zamani linaanza alfajiri kabla watu wa kawaida hawajaamka. Nilikuwa na miaka miwili nikikusanya, kofia nne kabatini, na kichwa kimevimba kuliko kofia zote nne. Kuna mzee alikuwa na meza moja, kofia moja, blanketi chini yake. Kushoto ilikuwa na stika ya tai, kipande chake kimezibwa kwa selotepu, maana sheria ya hapa inakataza kuonyesha hadharani alama ile ya Wanazi ya msalaba uliopinda. Kulia ngao ya rangi tatu, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Stika mbili! Mzee akanieleza baba yake alivyorudi nayo kwa miguu, mama alivyoificha kwenye pipa la makaa, yeye mwenyewe alivyoichezea utotoni. Machozi yakamlenga. Na mimi, mtoto wa mwanamke aliyenilea kwa hadithi za babu, nikalainika kama ugali wa maji mengi.

Euro 480. Ilikuwa nauli yangu ya kwenda nyumbani Krismasi. Sikubembeleza bei hata kidogo, niliona ni kumkosea marehemu heshima.

Wiki ya pili nikaipeleka kwa Mjerumani mmoja mtu mzima, mkusanyaji wa miaka mingi, nikitaka anipigie makofi. Hakuitazama stika wala hakuuliza hadithi. Aliigeuza kama mama anavyogeuza sufuria sokoni kutafuta tundu, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akanirudishia. "Ukingo haukukunjwa," akasema. Basi. Akaenda kuchemsha kahawa.

Ilinichukua kikombe kizima kuelewa. Kofia ya toleo la 1935 na ile ya 1940 ukingo wake umekunjwa kuingia ndani, kidole kinateleza. Toleo la 1942 walitaka kuokoa muda, wakaacha bati limekatwa wazi, limebinuka nje kidogo, kidole kinakwaruzwa. Yangu ilikwaruza. Na amri ya kuacha kubandika ile ngao ya rangi tatu ilitoka 1940. Kofia iliyozaliwa 1942 imevaaje ngao iliyopigwa marufuku miaka miwili nyuma? Chuma kilikuwa halali kabisa. Stika zote mbili zilibandikwa na mjanja wa juzi, juu ya mikwaruzo, na ngozi ya ndani ilinuka majani ya chai, aliyoipaka ionekane ya zamani. Krismasi ile nilikula peke yangu, nikaiweka mezani mbele yangu ili nikome.

Sasa turudi kwenye ET64. ET ni kiwanda cha Thale, mji ulio kwenye milima ya Harz, watu waliokuwa wakitengeneza pia vyombo vya jikoni. Q ni Quist wa Esslingen, NS ni wa Schwerte, SE ni wa Lauter, EF ni wa Fulda. Mhuri utafute ndani, mara nyingi upande wa kushoto, karibu na ukingo. Ile 64 wengi hudhani ni saizi ya kichwa: ni saizi ya bati. Kwa kofia za vita vya pili, bati la 64 linachukua ngozi ya kichwa cha 56 au 57. Ukikuta bati la 64 limefungwa ngozi yenye pete ya chuma iliyogongwa saizi ya bati 66, kuna mtu ameoanisha wasiojuana. Angalia pia pini tatu zinazoshika ngozi: rangi ikiwa imepasuka kuzizunguka, ilishafunguliwa.

Thale walitengeneza katika vita vyote viwili, hivyo herufi peke yake hazikutoshi, mdogo wangu. Tazama pembeni. Ukiona vipembe viwili vinene vimetokeza, vyenye tundu la hewa, hiyo ni familia ya 1916. Ukiona tundu dogo tu, ni ya baadaye. Halafu kidole ukingoni. Igeuze. Wanaokusimulia sana wanataka uitazame kwa nje, wewe igeuze. Vijana wetu tuna ugonjwa huu hata kwenye viwanja na magari, tunanunua maneno, halafu tunalia kwamba tumerogwa.

Na usiisafishe! Rangi ya zamani, hata ikiwa na kutu, ndiyo nusu ya bei.

Nilipomwandikia hilo la mwisho, alikaa kimya dakika kumi. Kisha ikaja picha: kofia juu ya ndoo, inang'aa kama sufuria ya harusi. "Kaka samahani, jana niliipiga stilwaya na majivu."

Nimemwomba picha ya pembeni na ya ukingo. Vipembe havikwanguliki kwa stilwaya.