Re: Draiva ya kadi ya kamera, lupu ya dma_map_sg

Simama hapohapo mkuu, usiongeze hata mstari. Umeuliza kama lupu ya kujaza deskripta (anwani na urefu unavyoipa kadi) uizungushe kwa idadi ileile uliyoipa dma_map_sg (kazi ya kerneli ya Linux inayokipa kifaa anwani za kumbukumbu za kuandikia moja kwa moja) kwa vile "inarudi ileile tu", na kama upandishe ukomo wa segmenti uvuke 64KB. La pili tuliache kwa leo.

Inarudi ileile kwa sababu mashine yako IOMMU (kipande kinachotafsiri anwani za kumbukumbu kwa ajili ya vifaa) imezimwa! Na mimi niliamini hivyohivyo, nikaenda kufunga kadi kwenye mashine ya kuchagua kahawa hapa Moshi, kompyuta ya mteja IOMMU imewashwa, aisee nilikiona cha mtema kuni. Picha ya 640 kwa 480, baiti moja kwa pikseli, ni peji (vipande vya kumbukumbu) 75 za baiti 4096. Kerneli inazipa anwani za mfululizo upande wa kifaa, inaziunganisha mpaka 64KB kwa kipande, 75 zinarudi 5. Hizo tano zinakaa kwenye entri tano za mwanzo za orodha, sabini zilizobaki hazina anwani ya maana. Lupu yangu inazunguka 75, tena urefu inasoma sg->length (urefu wa kabla ya kuunganishwa) badala ya sg_dma_len (urefu wa baada). Basi mistari sita ya juu punje zinaonekana safiii, chini yake picha ya zamani na vipande vyembamba vimetua pasipo pao, dmesg (logi ya kerneli) imejaa DMAR fault (IOMMU inalalamika kadi imegusa anwani isiyo yake), na upepo wa mashine unapuliza kahawa nzuri kwenye takataka bosi akiangalia. Nikamwambia ni vumbi, nikafuta lenzi kwa shati. Cheka tu, wewe ulikuwa njiani unakuja hukohuko.

Na yule "mtaalamu" aliyetufundisha eti namba inayorudi ni ya kuangalia kama siyo sifuri, basi! Video saa nzima, nusu anasifia kibodi yake, wakati nyaraka za kerneli zimeliandika wazi.

Shika hili: deskripta jaza kwa namba ILIYORUDI, na sg_dma_address na sg_dma_len. dma_unmap_sg (ya kuachia anwani ukimaliza) ipe namba ya MWANZO, hata kama zilirudi 5 wewe ipe 75. Ukizichanganya kwenye unmap, CONFIG_DMA_API_DEBUG (ukaguzi wa ndani ya kerneli) itakupigia kelele, iwashe. Au hamia dma_map_sgtable, inakutunzia zote mbili.

Ingia BIOS washa VT-d (ndiyo IOMMU ya Intel) leoleo, weka intel_iommu=on kwenye mstari wa kubuti wa kerneli, uone zinarudi ngapi. Zikibaki 75 angalia kama umeacha iommu=pt (anwani zinapita bila kutafsiriwa) kwenye mstari huohuo, hiyo haiunganishi kitu.