Mark X ya mwalimu wa Muheza

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu huku Muheza. Nimeweka akiba miaka minne, sasa dalali wa Tanga mjini amenipatia Toyota Mark X ya 2006, CC 2,500, namba D, kwa milioni 12. Nimezoea pikipiki, gari la auto sijawahi kumiliki. Nilikwenda kuliona Chumbageni, nikalikuta linanguruma vizuri, tukazunguka mtaani na gia zikaingia laini. Lakini jirani ananiambia Mark X giaboksi zake hazidumu. Ninunue au niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitoe hela bado. Umesema ulilikuta linanguruma. Maana yake lilikuwa limeshawashwa kabla hujafika, na hapo ndipo penye wasiwasi wangu.

Na mimi niliwahi kuuziwa Mark II kwa namna hiyo. Nimefika, boneti ina uvuguvugu, mwenye gari anasema alikuwa analipasha. Nikaenda nalo Raskazone na kurudi, sikuona kasoro. Siku ya tatu natoka Muheza, jua la saa nane, nikasimama Kange kununua maji. Naweka R, gia ya kurudi nyuma, nitoke: gari kimya. Nikahesabu moja, mbili, tatu, ndipo likashtuka kwa kishindo hadi chupa ikaanguka sakafuni. Giaboksi lilikuwa limechoka, ila kasoro yake ilikuwa haijitokezi mpaka lipate moto hasa. Mengine hujificha kinyume: asubuhi yanachelewa kushika, yakishapata joto yanatulia. Muuzaji hukuonyesha gari likiwa katikati, si baridi wala moto.

Kwa hiyo mwambie dalali unakuja saa 12 asubuhi na gari lisiguswe. Weka kiganja kwenye boneti kabla ya lolote. Liwashe mwenyewe, mtu asimame nyuma aangalie moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Kanyaga breki, weka D, gia ya kwenda mbele, halafu R, usikilize. Kisha liendeshe mpaka Pongwe na kurudi, uingie nalo Ngamiani kwenye simama-nenda, uirudie D na R likiwa moto. Likichelewa, likigonga, au mshale wa mizunguko ya injini ukipanda na mwendo usipande, mrudishie ufunguo.

Jirani yako analionea hilo gari. Mark X ya kwanza, GRX120, ilitoka Japani mwaka 2004 kuchukua nafasi ya Mark II, na hiyo ya CC 2,500 inayosukuma kwa nyuma ina giaboksi la gia sita lililo imara. Tatizo ni sisi. Giaboksi lile halina kijiti cha kupimia. Kimo cha oili hupimwa gari likiwa limenyanyuliwa sawasawa, injini inaunguruma, oili ina joto la karibu nyuzi 40, kwa kufungua nati ya chini na kuangalia inavyodondoka. Tena linataka oili ya giaboksi ya Toyota iitwayo WS. Nimeyapokea mengi yaliyomiminwa haidroliki yoyote nyekundu, kwa kukisia, na fundi aliyezoea Mark II za zamani.

Mwombe mwenye gari fundi wako afungue nati hiyo, adondoshe matone mawili kwenye karatasi nyeupe. Wekundu uliofifia au kahawia ya chai ya rangi si tatizo kwa gari la umri huo. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, achana nalo. Na ikiwa nyekundu inang'aa kana kwamba imetoka dukani jana, uliza kwa nini imebadilishwa wiki ya kuuza, na risiti iko wapi.

Dalali akikwambia taimingi belti ni mpya, jua halijui gari analokuuzia: injini hiyo ya V6, 4GR, ina cheni badala ya belti.

Chungulia chini pia. Gari lililolala miaka karibu na bahari, Sahare au Raskazone, chumvi hula kingo za sakafu na mabomba ya breki. Kadi iwe na jina la huyo anayepokea hela, na namba ya chesesi uisome kwenye bodi kwa macho yako.

Bakiza walau milioni moja na nusu ya oili, bushi na matairi. Ikiwa milioni 12 ndiyo akiba yote, mwanangu, tafuta la bei ya chini zaidi. Ukipata ile karatasi yenye matone, ipige picha mchana, nje kwenye mwanga, unitumie kabla hujalipa.